Re: Kura za chuki vijijini Hungary

Mkuu, umeuliza Jobbik, chama cha Hungary kilichokuwa cha mrengo mkali wa kulia, kilipataje kura vijijini kwa kuwasema tu Waroma, yaani jamii ya wachache ambayo wengine huiita Wajipsi. Angalia kijiji cha Gyöngyöspata. Machi 2011 wanamgambo wenye sare walizunguka mitaa ya Waroma mchana na usiku, eti wanapambana na "uhalifu wa Kijipsi". Julai, mgombea wa Jobbik akashinda umeya.

Ila chuki ilikuwepo zamani. Viwanda vya serikali na mashamba ya ushirika vilipokufa baada ya ukomunisti kuanguka 1989, Waroma ndio waliotangulia kukosa kazi, halafu wakaitwa wavivu. Shuleni hapo Gyöngyöspata watoto wao waliwekwa ghorofa ya chini, wasio Waroma juu. Mwaka 2020 mahakama ya juu kabisa ya Hungary ikaamuru walipwe fidia kwa kutengwa huko. Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, alishalalamika kwamba wanapewa pesa bila kufanya kazi. Fidia, jamani, siyo mshahara!