ZZ Top hawajavunjika

Kwa aliyeuliza kama ZZ Top walivunjika baada ya Dusty Hill kufariki: hapana, waliendelea. Bendi ilianzia Houston, Texas, mwaka 1969, na tangu 1970 ilikuwa ya watu watatu walewale kwa zaidi ya miaka 50: Billy Gibbons kwenye gitaa, Hill kwenye besi, Frank Beard kwenye drams. Bendi za roki zilizodumu hivyo bila kubadilisha mtu ni za kutafuta kwa tochi!

Ziara yao ya 1976 walipanda jukwaani na ng'ombe wa pembe ndefu na nyoka hai. Ikawachosha, wakapumzika. Waliporudi 1979, Gibbons na Hill walikuwa wamefuga ndevu hadi kifuani, kila mmoja kivyake.

Wengi wanawajua kwa albamu yao Eliminator ya 1983, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani. Mimi nazipenda zaidi albamu za mwanzo, zenye bluzi kavu kabisa.

Julai 2021 Hill aliacha ziara akatibiwe nyonga, na Elwood Francis, fundi wao wa magitaa wa miaka mingi, akashika besi. Siku chache baadaye Hill akafariki. Francis akabaki kwenye nafasi hiyo.