Maswali ya Wasomaji: Dhamana ya fyucha nimkabidhi nani?

SWALI: Nanunua kahawa ya robusta hapa Masaka, na ghalani nina tani 20 hivi. Dalali mmoja wa Kampala ananishauri niuze London mikataba ya fyucha, yaani ya kuuza baadaye kwa bei inayokubaliwa leo, ili bei ikishuka nisiumie. Anataka nimtumie kwa simu dhamana, yaani pesa ya kushikilia mikataba hiyo, naye aifikishe kwa kampuni ya kliaringi ya Marekani. Nitajuaje kama kampuni hiyo ni ya kuaminika? – M., Masaka

JIBU: Kwanza, usimtumie. Kliaringi hii si ile ya mizigo ya Malaba. Ni kampuni inayoshika dhamana yako na kuubeba mkataba wako mbele ya soko. Kwa kanuni za Marekani, dalali anayeleta wateja tu haruhusiwi kupokea dhamana yao. Pesa hutoka benki yako moja kwa moja hadi akaunti ya fedha za wateja yenye jina la kampuni. Huyo dalali naye mtafute kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA.

Kisha tafuta jina la kampuni kwenye BASIC, daftari la wazi mtandaoni la NFA, chama kinachosimamia kampuni za fyucha Marekani. Iwe imesajiliwa kama FCM, yaani kampuni inayoruhusiwa kushika dhamana za wateja wa fyucha, na iwe mwanachama wa NFA. Matapeli hupenda kuonyesha namba ya NFA. Ukiifungua unakuta si wanachama, au namba ni ya kampuni nyingine. Simu na anwani zichukue humo, si kwa dalali.

CFTC, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia fyucha, nayo hutoa kila mwezi jedwali la hali ya fedha za FCM zote. Kiwango cha chini cha mtaji ni dola milioni 1, lakini wewe angalia ziada iliyo juu ya mtaji unaotakiwa. Hapa wengi hukosea safu: London ni soko la nje kwa Wamarekani, kwa hiyo pesa yako itakuwa kwenye akaunti za kifungu cha 30.7 cha kanuni za CFTC, za wateja wa masoko ya nje. Soma safu hizo, na za miezi sita au zaidi. Ziada inayopungua mwezi hadi mwezi inatosha kukufanya utafute kwingine.

Jedwali lenyewe pia si msahafu. Peregrine, FCM ya Marekani iliyoanguka Julai 2012, ilikuwa imesajiliwa, na mwenye kampuni, Russell Wasendorf, alighushi taarifa za benki kwa karibu miaka 20. Zaidi ya dola milioni 200 za wateja hazikuonekana, na SIPC, mfuko unaowalinda wateja wa madalali wa hisa Marekani, haigusi fyucha. Basi weka huko dhamana na akiba kidogo tu, mtaji wa kununulia kahawa ubaki benki yako.

Mkataba mmoja wa robusta ni tani 10, kwa hiyo wewe unahitaji miwili. Kwa kuwa umeuza, bei ikipanda dola 100 kwa tani, dola 2,000 zinatoka kwenye akaunti yako siku hiyohiyo, na kahawa bado iko ghalani. Iulize kampuni kwa maandishi inakupa saa ngapi za kujazia dhamana. Pesa uliyotuma Ijumaa jioni kutoka Uganda huenda Jumatatu asubuhi haijafika, na kampuni ina haki ya kufunga mikataba yako bila kukungoja.