Mhitimu wa uhandisi kwenye kiwanda cha korosho, anzia kwenye mvuke

Ukipata nafasi kwenye kiwanda cha kubangua korosho Mtwara, iwe mjini, Newala au Masasi, kabla ya kusaini mkataba uliza nani atakuwa msimamizi wako wa SEAP. Mpango huo wa mafunzo kazini kwa wahitimu, wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, huchukua miaka 3, na anayekusimamia awe mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Fundi hodari asiyesajiliwa atakufundisha kazi vizuri sana, lakini sahihi yake haitakusogeza kwenye usajili.

Wageni wengi hukimbilia mashine ya kubangua, maana vipande vinaonekana pale. Mashine hiyo husingiziwa mno. Korosho hufika kwenye kisu ikiwa imeshaharibiwa au kutengenezwa huko nyuma. Kisu husetiwa kwa saizi moja. Ukikilisha mchanganyiko, kubwa hukatwa hadi ndani, ndogo hupita bila kuguswa. Na karanga (kiini cha korosho) ikivunjika imeshatoka kwenye daraja la W320, yaani nzima zisizozidi 320 kwa ratili, na bei inashuka nayo.

Kila nusu saa chukua kilo 1 inayotoka kwenye kisu. Tenga nzima, vipande na zisizokatika, pima kila fungu, andika. Kisha zitazame: karanga inayong'ang'ania ganda haijaiva au haijapoa vya kutosha, iliyogeuka rangi imezidi moto.

Hapo ndipo urudi kwenye tanki la kupikia, ambako korosho hupikwa kwa mvuke kabla ya kukatwa. Geji ikisoma bari 1, mvuke mtupu una nyuzi 120 hivi. Hewa ikibaki ndani, geji husoma bari 1 ileile huku joto likiwa chini. Kwa hiyo mwanzo wa kila mpiko acha vali ya hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo. Kagua na stimu trapu, yaani vali inayotoa maji ya mvuke uliopoa: ikiziba, maji hutuama chini, korosho za chini zinaloa na za juu zinaiva. Mpiko mmoja, korosho za aina mbili, na anayelaumiwa ni opereta wa kisu.

Mafuta ya ganda huunguza ngozi, vaa glavu. Kisu kikikwama, zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako (mwako, si mwa fundi) ndipo uingize mkono.

Kwenye logibuku, daftari lako la kazi za SEAP, "nilishiriki matengenezo" haimwambii msimamizi kitu. Andika hivi: "Trapu ya tanki la 2 ilibadilishwa, vipande vilishuka kutoka gramu 140 hadi 90 kwa kilo, sampuli 6."