Njaa Ikikata Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kula kwa Saa, Si kwa Hamu

Mtu akirudi Malindi au Lamu kutoka Mombasa au Nairobi alikofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, jambo la kwanza linalowashangaza watu wa nyumbani ni kwamba hana njaa kabisa. Wali wa nazi umepakuliwa, samaki wa kupaka yuko mezani, na yeye anatazama tu. Hilo si ugonjwa wala si kudeka. Katika upasuaji wa slivu, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, kikabaki kipande chembamba mithili ya mkono wa kanzu. Sehemu inayotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayopeleka ubongoni habari ya njaa. Kwenye baipasi, aina nyingine ya upasuaji huu, hakitolewi kitu, ila mfuko hutengwa ukabaki wa kama mililita 30 na utumbo huunganishwa upya, na homoni zinazoleta shibe hupanda haraka baada ya kula.

Kwa hiyo hamu kupotea ndiyo kazi ya upasuaji wenyewe. Ila mwili bado unadai chake. Anayengoja njaa imwite atakonda, ndiyo, lakini misuli itakwenda pamoja na mafuta, atakuwa mtu wa kizunguzungu kila akisimama, na choo kitamfunga. Miezi ya mwanzo chakula na maji vihesabiwe kama dozi, kila kimoja na saa yake na kipimo chake.

Maji ndiyo ya kwanza, na kwa joto la pwani upungufu wake ndio unaowarudisha wengi hospitali. Lengo ni lita 1.5 kwa siku, na wakati wa kaskazi ukitoka jasho sana sogea kwenye lita 2. Huwezi kuyanywa kwa mikupuo kama zamani. Hesabu yake ni hivi: mililita 30 kila robo saa ni mililita 120 kwa saa, na mtu aliye macho saa 13 atafikisha lita moja na nusu na zaidi kidogo. Kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, mara nyingi hubeba kama mililita 60, kwa hiyo nusu yake ndiyo robo saa yako. Pima chako mara moja kwa kikombe cha dawa ya watoto, ujue kinabeba ngapi, kisha usisumbuke tena na vipimo. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, uko nyuma.

Maji matupu yakikuletea kichefuchefu, tia ndimu au kipande cha tangawizi, au uyanywe ya baridi. Dafu linafaa, lakini lina sukari yake, basi ligawe mara tatu au nne badala ya kulimaliza papo hapo. Juisi ya ukwaju isiyo na sukari inakata ladha mbaya ya mdomo vizuri. Soda iache, gesi inajaza mfuko na kuuma. Juisi ya miwa iache pia, hata kama muuzaji ni jirani.

Hatua za chakula zifuate karatasi uliyopewa hospitali, kwa sababu kila timu ina utaratibu wake. Kwa kawaida siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, kisha hadi wiki ya 2 maziwa, mtindi na uji mwepesi, wiki ya 3 na ya 4 vitu vya kusaga, wiki ya 5 na ya 6 vitu laini, na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya 8 hivi. Usiruke hatua kwa kuwa hujisikii vibaya. Kidonda cha ndani hakionekani.

Kinachosumbua sana ni protini. Unahitaji angalau gramu 60 kwa siku, na kwa mtu asiye na hamu hizo ni nyingi. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za changu au nguru aliyepikwa zina kama gramu 22. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Ona siku moja ya mtu aliye mwezi wa pili inavyoweza kupangika: saa 1 asubuhi yai lililovurugwa laini, saa 4 mtindi mililita 150, saa 7 mchana gramu 60 za samaki wa mchuzi mwepesi na kijiko cha mchicha, saa 10 maziwa mililita 200 yaliyokorogwa na gramu 20 za unga wa maziwa yasiyo na mafuta, saa 1 usiku gramu 60 za kuku aliyechambuliwa na vijiko viwili vya mbaazi, saa 3 mtindi tena. Jumla inapita gramu 60 kidogo. Unga wa maziwa ndio unaookoa hapo, unapatikana duka lolote na hauongezi ujazo. Baada ya baipasi wengine maziwa huwajaza gesi na kuwaharisha. Hao washike mtindi, ni mwepesi zaidi tumboni.

Protini iliwe kwanza, mboga ifuate, wanga uje mwisho kama pamebaki nafasi. Wapwani tumezoea kinyume: wali ndio chakula, samaki ni kitoweo. Ukianza na wali, vijiko vitatu mfuko umejaa na samaki harudi tena.

Harufu ni kikwazo ambacho watu hawakitarajii. Wiki za mwanzo harufu ya samaki anayekaangwa au ya samli inaweza kumfanya mtu akimbie jikoni, na chakula alichokipenda kikawa na ladha ya chuma. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akaliwa akiwa vuguvugu au baridi kabisa, harufu yake hupungua sana. Mwingine apike kama inawezekana, wewe uje wakati wa kula. Mchuzi wa nazi upikwe kwa tui jepesi. Kasimele, lile tui zito la kwanza, ina mafuta mengi, inaleta kichefuchefu na kuharisha. Usinunue gunia la chakula ulichokipenda wiki hii, maana wiki ijayo huenda ukakichukia.

Tonge lisizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tumia kijiko cha chai, tafuna hadi kilainike kabisa, weka kijiko chini, ngoja dakika moja. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Maji acha nusu saa kabla ya kula na nusu saa baada ya kula, kwa sababu mfuko hauna nafasi ya vyote viwili na maji husukuma chakula kipite kabla hakijakushibisha. Vinavyokwama zaidi ni mkate mweupe, chapati, wali mkavu, nyama ya ng'ombe iliyokauka, na pweza. Pweza, hata aliyepondwa vizuri, mwache kwa miezi mitatu ya kwanza. Kikikwama utajua: kifua kinabana katikati, mate mepesi yanajaa kinywani, unatema povu. Usinywe maji kukisukuma, yatarudi nacho. Simama, tembea polepole, ngoja. Mara nyingi kitapita au kitatoka chenyewe, na mlo unaofuata uwe wa majimaji.

Sukari ina adhabu yake, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Kaimati mbili au kipande cha halwa kinaingia utumboni haraka mno, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unadunda, jasho, tumbo linasokota, mtu anatafuta pa kulala. Wengine huja kushukwa na sukari ya damu saa moja hadi tatu baadaye, wakatetemeka. Hilo la pili halitibiwi kwa kula tamu zaidi kila siku. Linazuiwa kwa kutokula tamu peke yake.

Aliye na kisukari asiendelee na dozi za zamani. Insulini na vidonge kama glibenclamide kwa mtu anayekula vijiko vinne huteremsha sukari hadi kuzimia. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, nazo zipitiwe upya na daktari kabla hujatoka hospitali. Diclofenac na ibuprofen za kununua dukani kwa ajili ya mgongo uziage, hasa ukiwa na baipasi, zinachoma vidonda pale palipounganishwa. Paracetamol inatosha.

Vitamini ni za maisha, hata ukijisikia mzima. Viwango vya kawaida ni vitamini B12 maikrogramu 350 hadi 500 kwa siku kwa mdomo, au sindano ya maikrogramu 1,000 kila mwezi. Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500, zigawe mara mbili au tatu. Vitamini D ni yuniti 3,000, na madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeona hedhi. Chuma na kalsiamu vitenganishwe kwa saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. Nywele zikikatika mwezi wa tatu hadi wa sita, usianze kununua mafuta ya kila aina. Kwa kawaida zinaota tena, lakini kagua protini na chuma chako.

Sasa watu. Kwetu kukataa sahani ni kama kumkataa mwenye nyumba, na wakati wa Maulidi pale Lamu, au arusini, sinia la pilau halimsubiri mtu mwenye kijiko cha chai. Omba kisahani chako mapema, chukua vipande viwili vya nyama laini, kaa na wenzako, ule taratibu mpaka sinia liishe. Bibi akisema, "Mwanangu, mbona huli?" jibu, "Nakula bibi, daktari amenipimia," naye ataridhika zaidi kuliko ukimweleza habari za homoni. Atakayesema umekonda sana unaumwa, mwache aseme.

Ramadhani ni suala la kuzungumza na daktari na sheikh wako pamoja. Kati ya futari na daku saa hazitoshi kuingiza lita moja na nusu kwa funda za mililita 30, achilia mbali protini, ndiyo maana madaktari wengi huzuia kufunga katika mwaka wa kwanza. Mgonjwa ana ruhusa.

Kukosa hamu peke yake si hatari. Hatari ni kushindwa kubakisha hata maji kwa saa 24, au kutapika siku mbili tatu mfululizo. Kutapika kukiendelea huweza kumaliza vitamini B1 mwilini, na dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Hapo mwambie anayekupokea kwamba umefanyiwa upasuaji huu na unahitaji B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia inaweza kuharibu zaidi. Homa, mapigo ya moyo kupita 120, au maumivu makali ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto katika wiki za mwanzo yanaweza kuwa dalili ya uvujaji pale palipokatwa au kuunganishwa. Aliye Lamu asingoje magharibi. Boti hadi Mokowe, upande wa bara, na barabara hadi Mombasa ni safari ya saa nyingi, bora uanze mchana ukiwa na karatasi ya upasuaji mkononi.

Njaa hurudi. Kwa wengi huanza kusikika kati ya mwezi wa 6 na mwaka mmoja, na wengine huogopa wakidhani mfuko umetanuka. Njaa kurudi peke yake si ushahidi kwamba umetanuka. Kinachorudisha uzito wakati huo ni vile vinavyoteleza bila kushibisha: kashata, bhajia mbili kila ukipita, biskuti na chai ya maziwa saa 10, aiskrimu. Samaki gramu 90 atakujaza. Pakiti ya krispi ya viazi haikujazi hata ukiimaliza, na mfuko mdogo hauwezi kukuzuia hapo.