Kubadilisha hela kabla ya kuvuka Namanga

Dada, umeuliza kama ubadilishe laki tano zako ziwe za Kenya hapa Dodoma au usubiri ufike Namanga, mpakani. Badilisha kiasi hapahapa, benki au kwenye duka la fedha lenye leseni ya BoT (Benki Kuu ya Tanzania), na uchukue risiti. Angalia bei ya kuuza, siyo ya kununua, maana wewe ndiye unayeuziwa shilingi ya Kenya. Tuseme mmoja anauza shilingi moja ya Kenya kwa 20 zetu, mwingine kwa 21: kwa laki tano yako utapata 25,000 au 23,800 na ushee. Hiyo tofauti ni nauli kabisa!

Wale vijana wa kubadilisha hela mpakani wanaokimbilia basi, tafadhali waache. Mimi mmoja alinihesabia noti harakaharaka, moja kaikunja katikati, nikaihesabu mara mbili. Nilipogundua, basi lilikuwa limeshaondoka. Iliniuma sana.

Halafu kagua noti za 1,000. Za zamani, zenye picha ya Kenyatta upande wa mbele, zilikoma kutumika mwaka 2019; za sasa zina jengo la KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi. Pesa nyingine iache kwenye M-Pesa, inatumika kutuma hadi Kenya.