Barua kwa mwanangu: kamba wa mvuke

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema ulinunua pakiti ya kamba wa barafu Kampala, ukapanda nayo basi hadi Kabale, ukawatia chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu tangu asubuhi, kisha ukawafunga kwenye jani la mgomba kama luwombo, ile nyama ya Kiganda ya kupikwa ndani ya jani, na kuwaweka juu ya matoke kwa dakika 40. Wakatoka wagumu kama mpira kwa nje, ungaunga kwa ndani, wakiogelea kwenye maji ya kijivu, na viungo vyote vimebaki kwenye hayo maji. Unauliza ulikosea wapi, na kama kamba wa Ziwa Bunyonyi wanaweza kupikwa vivyo hivyo.

Kosa kubwa ni hilo la luwombo. Luwombo ya kuku au ya ng'ombe hukaa juu ya moto saa kadhaa kwa sababu nyama ile ina kano, na kano hulainika polepole. Kamba hana kano za kulainisha. Nyama yake inaiva ikifika nyuzi 60 na kitu hivi, na mvuke wako huko Kabale una nyuzi kama 93. Dakika chache tu amekwisha kuiva. Kila dakika unayoongeza baada ya hapo inaikaza nyama, na nyama ikikazika inajikamua. Yale maji ya kijivu uliyoyaona yalikuwa ndani ya kamba.

Ungaunga wa ndani umeletwa na tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata nyama, kama papai bichi lilivyo. Kwa nyama ya ng'ombe ni msaada. Kwa kamba, saa moja ni nyingi. Ndimu nayo inakaza ngozi ya juu kama vile imepikwa. Kwa hiyo uliwalainisha na kuwakaza kwa wakati mmoja, halafu ukawapika mara kumi ya walivyohitaji.

Sasa tuanze upya, dukani.

Kamba wa baharini wanaofika kwetu wamesafiri kutoka mbali wakiwa wamegandishwa, na umeme unakatika njiani na dukani. Ipapase pakiti kabla hujalipa. Kamba wazuri wanatikisika mmoja mmoja kama kokoto. Wakiwa wameshikamana bonge moja, au barafu imejikusanya upande mmoja wa mfuko, waliyeyuka wakagandishwa tena, waache. Soma pia maandishi. Namba kama 31/40 ni idadi ya kamba kwa kipimo cha uzito, na mara nyingi kipimo hicho ni ratili, yaani gramu 454, hivyo kila mmoja ana gramu 11 hadi 15. Namba ikiwa ndogo, kamba ni wakubwa. Tafuta uzito bila barafu, maana huvishwa koti la barafu na koti hilo linapimwa na kulipiwa. Ukiona E451, wamelowekwa kwenye dawa inayoshika maji: watatoa maji mengi wakipikwa, na mara nyingi wana chumvi tayari. E223 ni ya kuzuia magamba yasiwe meusi. Mgeni mwenye pumu aambiwe, kwa sababu inaweza kumsumbua. Weusi kidogo kwenye gamba si uozo. Harufu ya mkojo ndiyo uozo, na hiyo haiondolewi na ndimu wala na kitu kingine.

Nunua wenye magamba, wasio na vichwa. Kichwani mwa kamba ndimo lilimo ini lake, na likianza kuyeyuka linaila nyama ya shingoni. Gamba, kwa upande mwingine, linamkinga mvuke usimkaushe na linatia ladha kwenye mchuzi.

Kuyeyusha: usiku mzima kwenye friji, ndani ya bakuli lenye chujio ili wasilale kwenye maji yao. Ukiwa na haraka, wafunge kwenye mfuko usiopenya maji, uzamishe kwenye maji baridi dakika 30 hadi 40. Maji ya moto yanaivisha nje ndani kukiwa bado barafu. Na tafadhali usiwaache mezani usiku kucha ukisema Kabale kuna baridi. Baridi ya Kabale si friji.

Sasa kazi ya mkasi. Nitaieleza taratibu maana hapa ndipo viungo vinapopata mahali pa kukaa. Mshike kamba mgongo ukitazama juu. Ingiza ncha ya mkasi mdogo chini ya gamba upande wa shingo, ukate ukifuata mstari wa katikati, ukiacha pingili ya mwisho na mkia bila kukatwa. Kisha pitisha kisu kwenye njia hiyohiyo ndani ya nyama, kina cha nusu ya unene wake, usifike tumboni. Utaona uzi mweusi: huo ni utumbo. Uchomoe kwa ncha ya kisu. Gamba liache palepale, limefunguka kama koti lisilofungwa vifungo. Kata miguu. Suuza haraka, na sasa wakaushe. Nasema wakaushe: watandaze juu ya kitambaa safi, funika kwa kingine, bonyeza, geuza, bonyeza tena. Tone la maji linalobaki juu ya kamba ndilo litakaloteremka na kitunguu saumu chako hadi kwenye sahani. Ukifanya hili moja tu na kuyaacha mengine yote, bado utaona tofauti.

Kama ulipata waliomenywa tayari, kwa nusu kilo wachanganye na nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha magadi ya kuokea, yaani ile soda ya mikate. Waache dakika 15 kwenye friji, suuza, kausha. Magadi yanaisaidia nyama kushika maji yake ikipata moto, na inakuwa na ile hali ya kukatika kwa meno. Ukizidisha utasikia ladha ya sabuni. Wenye E451 usiwafanyie hivi, wameshafanyiwa.

Viungo vya nusu kilo ya kamba wenye magamba: punje 6 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa sentimita 2, kamulali (ile pilipili ndogo) moja mbichi au nusu kama ni kali, mafuta vijiko 2 vikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga robo kijiko, na binzari ya manjano kiasi cha ncha ya kisu, kwa rangi tu. Ukitumia Royco, ule unga wa viungo wenye chumvi, toa chumvi yote kwanza, onja mwishoni.

Kitunguu saumu kisage au kikatekate kidogo sana, kisha kigawe mara mbili. Dakika chache za mvuke hazitoshi kuondoa ukali wake, kwa hiyo nusu yake ikaange kwenye yale mafuta kwa moto mdogo mpaka ianze tu kuwa rangi ya majani makavu, uepue hapohapo. Itaendelea kuiva yenyewe ndani ya mafuta, na ukingoja iwe kahawia kwenye moto itakuwa chungu. Mafuta yakipoa, changanya na ile nusu mbichi, tangawizi, pilipili, binzari na manga. Mafuta ndiyo gundi: viungo vilivyokolezwa kwa maji vinatiririka, vya mafuta vinashika.

Paka kwenye ule mkato wa mgongo kwa kidole au kijiko kidogo. Waache dakika 10, zisizidi 15. Chumvi inyunyize mwisho kabisa, sufuria ikiwa tayari inachemka, kwa sababu chumvi inayokaa inavuta maji nje. Ndimu isiguse kamba hadi watoke motoni.

Huna sufuria ya mvuke na huihitaji. Chukua sufuria pana, weka maji ya kina cha sentimita 4, chini weka vikombe vitatu vya chuma vilivyopinduliwa au uti wa majani ya mgomba uliokatwa vipande na kupangwa kama vile unapika matoke. Juu yake sahani ya bati. Maji yasiguse sahani hata yakichemka kwa fujo. Ukitumia sigiri, yaani jiko la makaa, ngoja makaa yashike yote yawe mekundu; sigiri inayofifia katikati inatoa mvuke mnyonge, na mvuke mnyonge unawachemsha kamba badala ya kuwaivisha. Funga kifuniko kwa kitambaa, ncha zake zikutane juu kwenye kishikio, mbali na moto. Bila kitambaa, maji yanajikusanya kwenye kifuniko na kudondoka juu ya viungo.

Wapange safu moja, migongo juu, wasipandane. Mvuke ukiwa unatoka kwa nguvu pembeni mwa kifuniko, ndipo uwaingize. Kwa ukubwa huo wa 31/40 mimi huku nahesabu dakika 4. Kabale iko juu karibu mita 2,000 na maji yake yanachemka kabla ya kufika moto wa huku, kwa hiyo wewe hesabu 5. Waliomenywa, punguza dakika moja. Usifunue kuchungulia kabla ya dakika ya nne. Kisha mtoe mmoja uangalie sehemu nene ya shingo: iwe nyeupe yote, hakuna kioo cha kijivu katikati. Kamba aliyeiva amejikunja kama herufi C. Akiwa amejifunga kama O, umechelewa. Watoe sahani nzima mara moja. Ukizima moto ukawaacha humo wanaendelea kuiva.

Maji kidogo yatakuwepo, yawe vijiko vitatu hivi, na hayo hayatupwi. Yamimine kwenye kikaango, yachemshe dakika moja na kijiko cha siagi, kamulia nusu ndimu, tia dhania iliyokatwa, mwagia juu. Kwa viazi vya huko kwenu, hasa vile vinavyopasuka vikichemshwa, sioni mboga inayozidi hiyo.

Kama bado unataka jani, sikukatazi. Harufu yake ni nzuri. Lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, kwangua ule uti mgumu wa nyuma, weka kamba safu moja, kunja bapa kama bahasha, usifunge furushi. Weka kwenye sahani ya mvuke, si juu ya matoke, maana majani yanayofunika matoke yanauzuia mvuke na hutajua saa ya kuhesabu. Dakika 10.

Wa Bunyonyi ni jambo jingine. Asili yao ni Marekani, waliletwa ziwani, na ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nunua walio hai tu. Kilo moja itakupa nyama ya mkia kama gramu 150, hivyo usialike watu wengi. Waoshe kwa maji matatu au manne, watie kwenye barafu mpaka watulie, kisha wapike wazima kwenye mvuke mkali dakika 12. Hawa usiwapunguzie muda: kamba wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo ya mapafu, nao hufa wakipikwa hadi kuiva kabisa. Wakipoa kidogo vunja mkia, menya, chomoa utumbo, halafu wageuze kwenye yale mafuta ya kitunguu saumu nusu dakika. Viungo juu ya gamba lao ni hasara, gamba ni gumu na halipitishi kitu.

Na kabla ya kuwaandalia wale wenzako wa kazini, uliza kama kuna Msabato mezani, hawali kamba. Uliza pia kama kuna ambaye hajawahi kuwala. Huyo mpe mmoja kwanza, na midomo ikimwasha au kuvimba asiendelee. Pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama kile kitambaa cha kifuniko unacho au akutumie na mtu wa basi.

Baba yako