Tangi Wanalisifia, Hawalinunui

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Newala. Mwaka jana nilileta matangi ya plastiki ya lita 1,000 hadi 5,000, nikiamini kwamba kwa jinsi maji yanavyotusumbua huku juu ya Uwanda wa Makonde yangeisha upesi. Nimebandika bango linaloeleza unene wake, tabaka zake na dhamana ya kiwandani. Wateja huyagonga kwa vidole, huyasifia, kisha hununua misumari na kuondoka. Je, shida ya maji haitoshi kumfanya mtu anunue?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, shida inatosha, ila bango lako halikuitaja hata kwa neno moja. Unene na tabaka ni habari za tangi, ilhali mteja anaingia dukani na habari za nyumbani kwake: foleni ya kituo cha maji, madumu yanayoletwa kwa bodaboda kila kiangazi, na kisima cha saruji kilichopata ufa.

Hata hivyo, kubadilisha maneno ya bango hakutatosha, kwa sababu mara nyingi anayeumwa na kero si yeye anayeshika fedha. Mama na mabinti ndio wanaoamka usiku kuwahi maji, lakini malipo ya korosho huingia katika akaunti ya baba aliye mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, naye huyakuta maji yamekwisha kujaa mtungini. (Ziko kaya ambazo mama ndiye mwenye mikorosho na akaunti, hizo anza nazo.) Kwa huyo baba tangi ni gharama tu, na asiponunua hakuna kinachomuuma. Mama, kwa upande wake, hahitaji kushawishiwa, anahitaji njia ya kulipa. Nenda kwenye vikoba vya akina mama ukapatane nao malipo ya awamu.

Baba mzungumzie fedha zinazompotea. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba kupoteza kitu humuuma mtu kuliko anavyofurahi kupata kitu cha thamani ileile. Fedha ya madumu haimuumi kwa kuwa inatoka kidogo kidogo na hakuna anayeijumlisha. Ijumlishe wewe mbele yake: madumu 4 ya lita 20 kwa siku ni madumu 120 kwa mwezi, zidisha kwa bei ya kijijini kwake, kisha mwachie karatasi hiyo aende nayo nyumbani.

Jambo hilohilo, lakini, linafanya kazi dhidi yako. Fedha ya tangi inatoka kwa mkupuo, na mnunuzi anaogopa kwamba ataitoa kisha tangi likae tupu uani. Nadhani hofu hii ndiyo inayowarudisha wengi kwenye misumari, na dhamana ya kiwandani haiigusi hata kidogo. Jibu lake ni hesabu nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya takribani lita 1,000, ukiondoa yanayomwagika. Lakini bila mifereji ya kukingia hakuna kitakachoingia, na kumtafuta fundi ni kero nyingine inayomfanya mtu aahirishe. Uza tangi, mifereji na ufundi kwa bei moja.

Kuhusu wakati, usihangaike na Machi, mvua inaponyesha na hakuna anayekumbuka kiu. Kero, fedha za minada ya korosho na mawingu ya mvua hukutana kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba; mzigo uwe dukani kabla ya hapo.

Usiongeze chumvi. Tangi la lita 5,000 ni madumu 250, yaani miezi miwili kwa kaya inayotumia madumu 4 kwa siku, na kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipa, maana aliyeahidiwa kwamba hatanunua dumu tena atakuja kukuuliza mwezi Septemba, na hatakuja peke yake.